Makufuli Matatu na Watu 25: Nani Hasa Analinda Fedha za Kikoba?

Ndugu mwenyekiti wa kikao, maofisa maendeleo ya jamii, makatibu, watunza funguo na wahesabu fedha mliotoka kwenye vikundi vyenu: asalaam aleikum, na habari za asubuhi.

Mada tuliyopewa ni pana: jinsi maarifa ya pamoja yanavyojenga jamii na kuwawezesha watu kushirikiana. Tungeweza kuizungumza juu juu mpaka adhuhuri, tukapigiana makofi na kwenda kula. Tumeona afadhali tuishushe hadi kwenye sanduku la kikoba, kikundi cha kuweka akiba na kukopeshana, kwa sababu pale ndipo mada hii inapopimwa kwa shilingi. Tunachodai ni hiki: fedha za kikundi hazilindwi na makufuli, wala hazilindwi na ucha Mungu wa mtunza sanduku. Zinalindwa na tarakimu ambayo kila mwanachama anaijua, na tena anajua kwamba wenzake wote wanaijua.

Kipande hicho cha mwisho ndicho chenye kazi. Chukueni kikundi cha watu 25. Katibu anampigia simu kila mmoja kwa wakati wake na kumwambia: tuna shilingi 2,300,000. Kila mtu sasa anajua. Wiki inayofuata sanduku linafunguliwa na zinahesabiwa 2,100,000. Mwanachama wa kiti cha tisa anashtuka, lakini hajui jirani yake aliambiwa ngapi. Pengine ni yeye aliyesikia vibaya. Akiinua mkono na wenzake wakanyamaza, ataitwa mchonganishi. Basi anaguna moyoni na kunyamaza, na wa kiti cha kumi vivyo hivyo, mpaka mwisho wa mstari. Watu 25 wanajua kuna upungufu, na hakuna hata mmoja anayesema. Lakini tarakimu ileile ingetangazwa kwa sauti mbele ya wote, wakaitikia pamoja, asingehitajika shujaa. Yeyote angeinua mkono, kwa kuwa anajua mashahidi wake wamekaa kulia na kushoto.

Wataalamu wana hesabu zao za jambo hili. Robert Aumann aliliandikia kanuni za kihisabati mwaka 1976, na mwaka 2005 akawa mmoja wa wawili waliopewa Tuzo ya Nobel ya uchumi. Wauza samaki wa Feri, Dar es Salaam, hawakumsubiri. Dalali wa mnada hamnong'onezi mteja bei sikioni. Anaipaza, kila aliye mbele ya meza anaisikia, na anaona kuwa mwenzake ameisikia. Kwa hiyo samaki wakishapata mtu, mabishano huwa machache kuliko mtu anavyoweza kutarajia kwenye kelele zile.

Sasa tuje kwenye vikundi. Upatu, au mchezo kama wengine wanavyouita, hauna taabu kubwa ya hesabu. Watu kumi wanatoa 20,000 kila mmoja, mmoja anaondoka na 200,000 siku hiyohiyo, na fedha hazilali popote. Kinachotakiwa kujulikana na wote ni zamu tu. Udhaifu wake uko kwingine: aliyepokea mapema anaweza kukimbia. Ndiyo maana upatu huchezwa na watu wanaojuana nyumbani kwao. Tatizo la maarifa linaanza pale fedha zinapobaki. Zikishalala sandukuni wiki hadi wiki, zikakopwa, zikarudi na riba, zikachanganyika na za wengine, swali linakuwa gumu: nani anajua ni ngapi, na za nani?

Jibu lililoenea sehemu nyingi za Afrika lilianzia Maradi, nchini Niger, mwaka 1991, kwa vikundi vya wanawake vilivyoitwa Mata Masu Dubara, vikisaidiwa na shirika la CARE. Wengi wa wanawake wale hawakujua kusoma wala kuandika. Leja ya kurasa nyingi ingewafanya wote wamtegemee mtu mmoja anayejua kuisoma, na mtu huyo ndiye angekuwa benki. Kwa hiyo utaratibu ulijengwa juu ya kumbukumbu: tarakimu chache, zikisemwa kwa sauti, zikishikwa na kila mtu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 vikundi vya namna hiyo vilikuwa vimeshafika Unguja, kwenye vijiji vinavyozunguka msitu wa Jozani, na Tanzania Bara mfumo huo ukapata jina mnalolijua la VICOBA, yaani benki za jamii vijijini. Leo Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 inavitambua vikundi hivi kama daraja la nne la watoa huduma, na vinatakiwa kusajiliwa. Usajili ni jambo jema. Lakini cheti ukutani hakihesabu fedha za wiki hii, kwa hiyo turudi kwenye kikao.

Anzeni na idadi. Wanachama 15 hadi 25 ni kipimo kizuri, 30 ndio ukomo. Sababu si mila. Kila mwanachama anakuja mbele kununua hisa, kitabu chake kinapigwa mihuri, fedha zinahesabiwa mbele ya wote. Mtu mmoja akichukua dakika mbili, watu 25 ni dakika 50. Wakiwa 45 ni saa moja na nusu kabla hata hamjagusa marejesho, na wenye vibanda sokoni wataanza kuondoka mmojammoja. Wakiondoka kabla salio halijatangazwa, mmebaki na kikundi ambacho nusu yake haijui kilicho sandukuni. Kikundi kikikua, kigawanyeni kiwe viwili. Tunajua wenyeviti wengi hawapendi kusikia hili. Ukubwa una heshima yake.

Kaeni kwa namba, nusu duara, meza katikati, kila kiti kikiiona meza. Kamati ni watu watano: mwenyekiti, katibu, mtunza sanduku na wahesabu fedha wawili. Funguo tatu ziwe kwa watu watatu wengine wasio kwenye kamati, wanaoishi nyumba tofauti. Mume ana ufunguo mmoja na mke mwingine? Hayo ni makufuli mawili tu. Mwenyekiti anazikusanya zote "kwa sababu fulani huchelewa"? Hapo mmebaki na moja. Mchelewaji apigwe faini, funguo zibaki zilipo.

Kikao chenyewe kina mpangilio, na mpangilio huo hauchezewi. Baada ya kuita majina, mwenyekiti anauliza salio la wiki iliyopita la mifuko miwili, wa jamii ambao ni wa kusaidiana na wa mikopo, kabla sanduku halijafunguliwa. Anachagua namba bila mpango: "Namba saba, mfuko wa jamii tuliacha shilingi ngapi? Namba 19, mfuko wa mikopo?" Wanajibu, wengine wanathibitisha, ndipo funguo tatu zinaitwa. Wahesabu fedha wanamimina kila mfuko kwenye bakuli lake, mmoja anahesabu, wa pili anarudia, na jumla inatajwa kwa sauti. Vikundi vingi hufanya kinyume: wanafungua, wanahesabu, halafu wanauliza "si ndivyo tulivyoacha?" Swali hilo halina faida. Ukishaiona fedha mezani, kumbukumbu yako inainama kuifuata. Kilichomo sandukuni kinakuwa ndiyo kweli, hata kama laki moja ilitoka Jumanne usiku.

Salio likitofautiana na kumbukumbu, kikao kinasimama. Msinunue hisa, msipokee marejesho, kwa sababu kila noti mpya mtakayoongeza inafunika alama za ile iliyopotea. Hesabuni upya, tazameni daftari la katibu, tafuteni chanzo. Mara nyingi ni kosa la kawaida: faini ya wiki iliyopita iliwekwa kwenye bakuli la mikopo badala ya la jamii, na ukijumlisha mifuko yote miwili hesabu inakaa sawa. Upungufu wa kweli nao hutokea. Ukitokea, wote wajue siku hiyohiyo, kabla umbea haujawatangulia mtaani.

Kisha unafuata mfuko wa jamii, ambao kila mtu anachangia kiasi sawa, tuseme 500. Halafu hisa. Mwanachama ananunua kuanzia hisa moja hadi tano kwa kikao, kwa bei iliyo kwenye katiba, na bei hiyo haibadiliki katikati ya mzunguko. Hisa ikiwa 2,000, mwenye tano anatoa 10,000. Ukomo wa tano unamzuia mwenye kipato kikubwa asikimeze kikundi, na pia unawafanya watu waweze kufuatilia. Kitabuni hauandikwi mkururo wa tarakimu, inapigwa mihuri. Asiyejua kusoma anahesabu mihuri yake kama mwenye digrii anavyohesabu. Aliyenunua hisa tatu anapigiwa mihuri mitatu, na nafasi mbili zilizobaki zinachorwa mstari palepale. Nafasi tupu isiyochorwa ni mlango: mwezi wa nane mtu ataongeza mihuri miwili humo na hakuna atakayekumbuka. Muhuri wenyewe, wino, na vitabu vyote vinarudi sandukuni. Kitabu kinacholala nyumbani kwa mwanachama kinaweza kupigwa muhuri wa kuchonga, na si hadithi, mihuri inachongwa kwa bei ya soda chache.

Baada ya hisa ni marejesho, kisha mikopo. Hisa ni kila wiki, lakini mikopo inatosha kutolewa kila wiki ya nne, kuwe na fedha za kutosha kwa waombaji kadhaa kwa pamoja. Mtu asikope zaidi ya mara tatu ya akiba yake. Mwenye hisa 40 za 2,000 ana 80,000, ukomo wake ni 240,000. Muda wa miezi mitatu unatosha kwa biashara nyingi ndogo. Mwombaji anasimama na kusema kiasi, kazi ya fedha, na tarehe ya kurudisha. Ombi linajumlishwa na mengine kwa sauti. Yakizidi fedha zilizopo, wanachama wenyewe wanajadili nani apunguze. Anayekopeshwa anahesabu fedha mbele ya wote na kutaja anachodaiwa: "Nimepokea 200,000, riba asilimia tano kwa mwezi, nitalipa 10,000 kila mwezi na mtaji wote ndani ya miezi mitatu." Maneno hayo yakishatoka kinywani mwake mbele ya watu 24, ni magumu kuyakana kuliko saini.

Mwisho wa kikao, salio la kila mfuko linahesabiwa, katibu analitangaza, wote wanalirudia mara mbili, fedha zinaingia, makufuli yanafungwa. Anayetaka kutoka mapema alipe faini kama mchelewaji. Vipo vikundi vinavyomtaka kila mwanachama ashike pia deni la jirani aliye kulia kwake, na tunawapongeza. Si tarakimu nyingi: masalio mawili, hisa zako, deni lako, la jirani. Mama anayeuza genge anabeba hesabu nzito kuliko hizo kila siku.

Kuna pingamizi tunalolisikia kila mahali: kutaja madeni mbele ya watu ni kuaibishana. Tulichukulie kwa uzito, maana watu wamewahi kuacha vikundi kwa sababu ya maneno ya mwenyekiti. Jambo la kutofautisha ni hili. Deni la kikundi si siri ya mkopaji, kwa kuwa fedha ni za wote. Kiasi, tarehe, na kwamba rejesho limechelewa, vyote vinatajwa, kwa sauti ileile inayotumika kwa aliyelipa. Sababu ya kuchelewa ni habari yake. Ugonjwa wa nyumbani, ndoa yenye mgogoro, mtoto aliye mahabusu, hayo akitaka atayaeleza kwa kamati, asipotaka basi. Mfuko wa jamii uende hivyohivyo: wote wajue kuwa namba 14 amepewa 30,000 ya matibabu, aina ya maradhi haiwahusu. Vikundi vinavyokosea huwa vinakosea kwa kugeuza mambo haya. Vinaficha deni ili "kumsitiri mwenzetu", halafu ugonjwa wake unazungumzwa kisimani.

Na deni lililofichwa halikai peke yake. Wanachama wawili wakihisi kuna mtu halipi na hakisemwi kitu, wanaanza nao kuchelewesha. Hawajawa wezi. Wanajilinda: kwa nini nilipe fedha zitakazomezwa? Deni lilelile likitajwa wazi, pamoja na mpango wa kulilipa, wale wawili wanaendelea kulipa kama kawaida, maana wanaona tatizo ni la ukubwa gani na kwamba linashughulikiwa. Uvumi hauna ukubwa, ndiyo hatari yake.

Tufike kwenye kuvunja mzunguko, yaani kugawana akiba na faida, baada ya miezi tisa hadi kumi na miwili. Hapa ndipo hesabu huwa nzito na ndipo vikundi vingi huharibikia, kwa hiyo mtuvumilie tutaje tarakimu. Mikopo mipya husimamishwa mapema, ili ya mwisho iwe imerudi kabla ya siku ya mgao. Siku yenyewe, hesabuni fedha zote za mfuko wa mikopo zilizo mezani. Tuseme ni 7,348,000. Hesabuni mihuri yote kwenye vitabu vyote, watu wawili wakihesabu kila kitabu. Tuseme ni hisa 3,120. Gawanyeni: inatoka 2,355 na vipande. Shusheni hadi kiasi kinachogawika kwa noti na sarafu mlizonazo, tuseme 2,350. Mwenye hisa 150 anapata 352,500 kwa akiba ya 300,000. Mwenye hisa 60 anapata 141,000 kwa akiba ya 120,000. Zidisheni 2,350 mara 3,120, mnapata 7,332,000, na zinabaki 16,000. Hizo 16,000 zitangazwe. Msiseme ni ndogo. Amueni palepale ziende wapi, kwa mfano kwenye mfuko wa mzunguko mpya, na wote waitikie.

Kosa la kwanza hapa ni kugawa faida sawa kwa kila kichwa. Mwenye hisa 60 anafurahi, mwenye 150 anakaa kimya, na mwaka unaofuata ananunua hisa moja moja. La pili ni kugawa faida ya kwenye daftari: riba ambayo bado haijalipwa inaingizwa kwenye jumla, fedha zinaisha zikiwa zimefika mtu wa 20, na watano wa mwisho wanaambiwa wasubiri. Gawanyeni kilicho mezani tu. Aliyeshindwa kulipa deni, hisa zake zinakatwa kwanza, na yeye aonyeshwe ukataji huo kitabuni mwake.

La tatu ni baya zaidi kwa kuwa halionekani. Mwanachama anakwenda kwenye mikopo ya kausha damu, ile ya mtaani yenye riba kubwa, wiki ya kuvunja, analipa deni la kikundi mbele ya wote kwa makofi, anapokea mgao, anaukimbiza wote kwa mkopeshaji, na bado anabaki anadaiwa. Kikundi kinaona mlipaji mzuri. Dawa yake ni ya miezi minne nyuma: mkopo uliochelewa uzungumzwe unapochelewa, muda uongezwe au ulipwe kwa vipande, ili mtu asilazimike kuigiza siku ya mwisho.

Simu tutazigusa kidogo. Akaunti za kikundi za mtandao wa simu zimepunguza hatari ya sanduku kuvamiwa usiku, na ujumbe unaokwenda kwa wanachama wote kila fedha zinapotoka ni msaada mkubwa. Lakini ujumbe uliotumwa haujawa ujumbe uliosomwa, na aliyeusoma hajui kama mwenzake ameusoma. Tumerudi kwa wale watu 25 waliopigiwa simu mmojammoja. Tumieni simu, halafu kikao kianze kwa utaratibu uleule: namba saba ataje salio kichwani, ndipo simu ifunguliwe na wanachama wawili wasome kiasi kwa sauti. Ruhusa ya kutoa fedha iwe mikononi mwa watu watatu. Namba ya siri ikishikwa na mtu mmoja, mmetupa funguo mbili. Picha ya ukurasa wa daftari kwenye kundi la WhatsApp nayo ni nzuri, ilimradi iwe na tarehe. Tumeziona picha za mwezi mmoja zikirushwa tena mwezi mwingine.

Limebaki moja, na ndilo tutakalolifanyia kazi sasa. Katika vikundi vingi anayeweza kukokotoa mgao ni katibu peke yake. Akihama, akiugua, au akikasirika, kikundi hakiwezi kuvunja mzunguko. Wawepo watatu angalau, na mmoja wao awe nje ya kamati. Mezani pale kuna vitabu vya mfano vya kikundi cha watu 25, na kosa moja limetegwa ndani yake kwa makusudi. Tukae watano watano. Kila mmoja ahesabu mihuri peke yake kwanza, aandike jumla yake kwenye karatasi, asimwonyeshe jirani mpaka wote wamalize. Ndipo mtaje tarakimu zenu kwa sauti.